KUPIMA SUMU YA MAJINI

Mnamo mwaka 2004 mtaalamu wa Marekani, Eva Oberdörster, alitangaza kwamba chembe za kaboni ziitwazo fulerini zilidhuru ubongo wa samaki wa maji baridi kwa muda wa saa 48 tu. Habari hiyo iliwashtua wengi. Lakini mwaka 2007 wataalamu wengine wa nchi hiyo hiyo, wakipima samaki wachanga, walionyesha kwamba sumu ilitokana na mabaki ya dawa iliyotumiwa kuichanganya kaboni na maji.

Wako watakaosema: basi, chembe hizi hazina neno. Sisi hatukubali. Kilichoshindwa hapo ni kipimo. Chembe hizi, ambazo upana wake haupiti sehemu 100 katika bilioni moja za mita, haziyeyuki kama chumvi. Nyingi hugandamana na kuzama, hata kiroboto-maji aogeleaye juu asipate kiasi kilichoandikwa daftarini. Na fedha itiwayo katika soksi ili kuua vijidudu hutoka zifuliwapo, kisha huyeyuka kidogo kidogo. Je, kiumbe akifa, ameuawa na chembe au na fedha iliyoyeyuka?

Mwongozo wa OECD wa mwaka 2020 wataka kiasi kilichomo majini kipimwe muda wote wa jaribio. Twauunga mkono, ila mwongozo si sheria. Twadai mwenye kiwanda alipie vipimo hivyo kabla bidhaa yake haijafika dukani, wala isipokewe karatasi yake isiyoonyesha ni kiasi gani kilichobaki majini.