Tuhesabu karatasi za dawa



Siku ya posho iliyopita nilikuwa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu wa pili. Nikamwaga kitandani mfuko wote wa karatasi za nyumba. Cheti sikukiona. Nilikuta karatasi 7 za dawa, zote za mtoto huyo, zote za mwaka mmoja. Nikaanza kuzihesabu kama tunavyofanya na watoto wa darasa la sita: karatasi 7, dawa 31. Antibiotiki ziko kwenye karatasi 6, sindano kwenye 5. Karatasi mbili zilikuwa za kikohozi na kamasi tu. Ile ya pili naikumbuka vizuri, kwa maana asubuhi hiyo mtoto alikuwa anacheza mpira uani.

Kituo sitakitaja. Sijui bado kama kina kosa, na mara moja kati ya zile tano ni mimi mwenyewe niliyeomba sindano. Tuseme kweli: wangapi kati yetu huondoka na kinyongo mganga akisema mtoto anywe maji mengi, apumzike, dawa hapana?

Nilimwonyesha jirani yangu ambaye ni muuguzi. Hakushangaa. Aliniambia kwamba kuhesabu namna hii ni kazi inayojulikana. Mwaka 1993 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilitoa kitabu cha kuchunguza jinsi vituo vinavyoandika dawa. Hakihitaji mashine. Unachukua kitabu cha wagonjwa cha kituo, unachagua angalau wagonjwa 30, unauliza: kila mmoja aliandikiwa dawa ngapi? Wangapi walipewa antibiotiki? Wangapi sindano? Dawa ziliandikwa kwa jina lake halisi au kwa jina la kampuni? Ziko kwenye orodha ya dawa muhimu za nchi? Kisha unalinganisha na vituo vingine. Kituo kimoja kikisimama mbali na wenzake, hapo ndipo pa kuuliza.

Kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa darasani, si hesabu ya kituo chochote. Kituo A kimewapa sindano wagonjwa 12 kati ya 60, kituo B 18 kati ya 30. Mtoto mvivu atasema 12 na 18 zinakaribiana. Aliyesoma asilimia ataona 20 kwa mia na 60 kwa mia. Lakini hata 60 haisemi kwamba mganga wa B ni mwizi. Labda B hupokea wagonjwa mahututi kutoka mbali, labda ni mwezi wa malaria nyingi. Namba inafungua mlango tu, ni lazima mtu aingie aulize.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mama aijue, kwa sababu ya malaria. Tangu 2010 OMS inasema mgonjwa apimwe kwanza, ndipo apewe dawa. Kila mwezi kituo cha afya kinajaza ripoti na kuituma kwenye zoni ya afya, na ndani yake kuna waliopimwa, waliokutwa na malaria na waliotibiwa malaria. Waliotibiwa wakizidi waliokutwa nayo, dawa imekwenda kwa watu ambao kipimo hakikuona malaria kwao, au ambao hawakupimwa kabisa. Inawezekana TDR ziliisha. Inawezekana pia dawa zinauzwa kwa sababu kituo kinaishi kwa pesa za wagonjwa. Vyote viwili vinatudhuru. Mtoto anapewa kinini bure, ugonjwa wake wa kweli unaendelea, na pesa ya shule imetoka.

Msione ni mambo ya karatasi tu. Mwisho wa 2014, huku jirani Ituri, watu walianza kufika hospitali shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda, ulimi unatoka. Walikuwa mamia, na watoto walikuwamo. Waganga walidhani ni meninjiti. Walipochunguza zaidi, kilichowaunganisha wagonjwa kilikuwa vidonge. Viliitwa diazepam, lakini ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Julai 2015 OMS ilitoa tahadhari. Hapo kosa halikuwa la mganga kuandika dawa nyingi, lilikuwa la dawa bandia. Lakini aliyeweka karatasi au pakiti ya dawa aliweza kujibu swali la mchunguzi: ulimeza nini, lini, ulipewa wapi? Aliyetupa alibaki kukisia. Mimi nilikuwa nikitumia pakiti kuwashia makaa.

Uingereza kila mwezi hutangazwa wazi dawa zilizoandikwa na kila kituo cha waganga wa mitaa, na mtu yeyote anaweza kulinganisha chake na cha jirani. Sisi hatujafika hapo. Hata hivyo tuna CODESA, ile kamati ya eneo la afya ambamo wakaaji wanakaa pamoja na mkuu wa kituo na kuzitazama namba za mwezi. Mara nyingi sisi wamama, ambao ndio tunabeba watoto mgongoni hadi kituoni, hatujui hata nani anatuwakilisha mle. Tumtafute. Tumpe swali moja la adabu: mwezi huu walikutwa na malaria wangapi, na waliotibiwa wangapi? Msiende kwa kelele. Mganga mwema atafurahi kwamba kuna anayesoma ripoti yake, maana anaijaza usiku baada ya kazi.

Hapa nyumbani nimeanza daftari moja. Naandika tarehe, ugonjwa aliotaja mganga, kipimo kama kilifanywa na jibu lake, na dawa zote. Karatasi nazibandika kwa gundi ya shule. Juma hili mdogo wao alipata homa. Niliuliza, "Mganga, kipimo kimesema nini?" Akanionyesha TDR: hana malaria. Tulirudi na parasetamoli na maji ya chumvi na sukari, kwa sababu alikuwa pia anaharisha. Usiku wa kwanza sikulala, nakiri.

Kwenye mkutano wetu wa Alhamisi, mwenye karatasi za dawa za mwaka huu azilete. Kunjeni sehemu ya jina ili ugonjwa wa mtu usijulikane. Mimi nitaleta chaki.