Moldova: Pale uongo wa mitandaoni unapokuwa kazi ya mshahara

Lei 3,000 kwa mwezi. Ni kama dola 170, ama takriban Sh22,000 kwa hela yetu. Hayo ndiyo malipo ambayo mwandishi wa BBC, aliyejipenyeza kwenye kundi moja la siri nchini Moldova mwaka 2025, alikuta washiriki wakiahidiwa kabla ya uchaguzi wa bunge. Kazi yenyewe? Kuunda video za TikTok na kuandika Facebook mambo ya kuichafua serikali, ikiwemo kwamba imepanga kuiba kura. Mafunzo yanatolewa kupitia Telegram. Ofisi hakuna, bosi humjui, lakini doo inaingia.

Hapa kwetu stori hii si ngeni. Mwaka 2021 ripoti ya Mozilla Foundation ilionyesha vijana Wakenya wakilipwa dola 10 hadi 15 kusukuma hashtegi za kuwashambulia majaji na wanaharakati. Kwa hivyo tukisoma ya Moldova, tusijifanye tunashangaa sana.

Moldova ni nchi ndogo iliyobanwa kati ya Romania na Ukraine, watu takriban milioni 2.4, na ilipata uhuru 1991 Usovieti iliposambaratika. Anayetajwa kwenye mipango hii ni Ilan Shor, tajiri aliyehukumiwa miaka 15 jela mwaka 2023 akiwa tayari ametoroka, kwa wizi wa takriban dola bilioni moja kutoka benki za nchi hiyo. Aliishia Urusi. Moscow inakana kuingilia siasa za Moldova.

Kabla ya kura ya maamuzi ya Oktoba 2024 kuhusu kujiunga na Umoja wa Ulaya, Shor hakujificha hata kidogo. Aliwatangazia watu kwenye Telegram kwamba wakishawishi wenzao kupiga kura ya "La" watalipwa. Polisi walisema dola milioni 15 ziliingia mwezi Septemba pekee, nyingi kupitia benki ya Urusi iliyowekewa vikwazo, na kwamba watu zaidi ya 130,000 walikuwa wamelengwa. "Ndiyo" ilipita kwa asilimia 50.35. Pengo halikufika hata kura 11,000, na bila Wamoldova wanaoishi ng'ambo ingeanguka.

Sasa, msaada wa nje ulifanya nini? Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulifungua ujumbe wa kiraia mjini Chisinau, kuwasaidia maafisa wa huko kulinda mitandao ya kompyuta na kutambua kampeni za uongo zinazopangwa kutoka nje. Mwaka huo huo ukamwekea Shor vikwazo. Kabla ya uchaguzi wa 2025 ukatuma pia kikosi maalum cha dharura. Moldova nayo iliunda kituo chake cha kupambana na upotoshaji.

Mimi naona sehemu yenye nguvu hapo ni ile ya kufuata pesa. Ukikanusha video moja, kesho zinatoka kumi. Lakini mlipaji akikatwa mirija, wanaobaki kuposti ni wale wanaoamini kweli, na hao wana haki ya kusema. Kufuata pesa zinazovuka mipaka si jambo polisi wa nchi ndogo hivyo wataliweza peke yao.

Kuna upande mwingine usionifurahisha. Desemba 2022 serikali ilisimamisha leseni za vituo sita vya televisheni. Septemba 2025, siku chache kabla ya kura, vyama viwili vilivyodaiwa kuwa na pesa haramu vilizuiwa kushiriki. Huenda sababu zilikuwepo, lakini uamuzi wa dakika za mwisho unampa mwongo silaha: si niliwaambia wanataka kuiba? Chama cha Rais Maia Sandu kilishinda viti 55 kati ya 101. Wafadhili wake wa Ulaya hawakupiga kelele nyingi kuhusu marufuku hayo, na hapo ndipo ushirikiano unaanza kunuka upendeleo.

Halafu kuna suala la rafiki kubadilika. Vyombo vingi huru vya habari huko vilitegemea hela za Marekani. Januari 2025 Donald Trump akasimamisha misaada ya nje, na vyumba vya habari vikajikuta na mashimo kwenye bajeti miezi michache tu kabla ya kampeni, wakati ule ule vijana wakiahidiwa lei 3,000 upande wa pili.

Ujumbe wa Ulaya umeongezewa muda hadi Mei 2027. Uchaguzi ujao wa urais Moldova unatarajiwa 2028.