Maneno Hamsini

Kitabu cha picha cha watoto kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa inayotoka mashineni hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa kurasa za jina na hakimiliki, hadithi hubaki na nafasi finyu, na maneno yake hayafiki hata ya barua moja ndefu. Uchache huo umezaa imani iliyoenea kuliko inavyostahili: kwamba kitabu cha watoto ni kazi ya jioni moja, na anayekiandika anajinoa tu kabla ya kuandika kitabu cha kweli. Mstaafu anayetafuta la kufanya hushauriwa aandike hadithi za watoto. Hashauriwi asanifu madaraja. Ni kupima maandishi kwa mizani ya buchani. Ajabu ni kwamba wanaoamini hivyo wananunua kanga kwa ajili ya jina lenye maneno manne au matano, na wanajua yalivyo mazito.

Theodor Geisel, anayejulikana zaidi kama Dr. Seuss, aliingia katika kazi hiyo kwa mlango mgumu. Mswada wa kitabu chake cha kwanza cha watoto ulikataliwa na wachapishaji zaidi ya 20 kabla ya kutoka mwaka 1937. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey alilalamika katika jarida la Life kwamba vitabu vya kujifunzia kusoma vilikuwa vinawachosha watoto wa Marekani. Geisel akapewa orodha ya maneno ya kuanzia na kutakiwa asitoke nje yake. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya mwaka, na The Cat in the Hat ilipotoka mwaka 1957 ilikuwa na maneno tofauti 236 tu. Baadaye mchapishaji wake, Bennett Cerf, alimwekea dau la dola 50 kwamba hawezi kuandika kitabu kwa maneno tofauti 50 tu. Jibu lilikuwa Green Eggs and Ham, mwaka 1960. Katika maneno hayo 50, ni moja tu lenye silabi zaidi ya moja.

Kiswahili hakimpi mwandishi nafuu hiyo. Maneno yake ya silabi moja ni machache, na mengi ni viunganishi. Kitenzi, kwa upande wake, hubeba sentensi nzima: “atakapokuja” lina mtenda, wakati na tendo ndani ya silabi sita. Mtoto wa darasa la kwanza hasumbuliwi na tahajia, maana neno hutamkwa linavyoandikwa. Kinachomshinda ni urefu. Akifika “ja” ameshasahau kwamba alianza na “a”. Mwandishi hulazimika kutafuta “akija” mahali ambapo kalamu ilitaka “atakapokuja”, bila kuharibu maana. Vina navyo vinadanganya. Lugha ambayo maneno yake karibu yote huishia kwa mojawapo ya irabu tano hugawa vina bure, kwa hiyo kinachomuumbua mtunzi mvivu ni mizani. Isitoshe, msimulizi wa paukwa pakawa alikuwa na sauti, mikono na uso. Kitabuni, kazi ya mikono na uso humwangukia mchoraji.

Hapo ndipo imani ya jioni moja inapokosea zaidi, kwa kudhani kwamba picha huja mwisho kupamba kilichokwisha kusemwa. Maurice Sendak aliandaa hadithi ya farasi mwitu mwaka 1955, akagundua kwamba hajui kuchora farasi. Farasi wakageuka kuwa madude yenye kucha na meno, ambayo sura zake alizitoa kwa jamaa waliokuwa wakitembelea nyumba yao Brooklyn alipokuwa mtoto. Where the Wild Things Are ilitoka mwaka 1963, miaka minane baadaye. Ndani yake picha huanza ndogo, hupanuka kadiri mtoto anavyozama katika ndoto yake, hadi kurasa kadhaa zinabaki bila neno lolote. Huko ndiko kilele cha hadithi kilipo, na hakuna mwandishi aliyekiandika.

Imani hii ina bei, na anayeilipa zaidi ni mchoraji. Afrika Mashariki mara nyingi hupewa malipo ya mkupuo mmoja, huku mwandishi akisubiri mrabaha, nao mara nyingi mdogo. Kitabu kikichapishwa upya kwa ajili ya shule, michoro huenda nacho na mchoraji habanduki alipo.

Mfano wa uzito wa kazi ya mchoraji ni Tom Feelings, Mmarekani mweusi aliyewahi kufanya kazi Ghana. Alichora vitabu viwili vya kufundisha maneno ya Kiswahili vilivyoandikwa na Muriel Feelings, aliyefundisha Uganda. Moja Means One ya mwaka 1971 huhesabu hadi kumi. Jambo Means Hello ya mwaka 1974 hufuata alfabeti yenye herufi 24, kwa kuwa Kiswahili hakitumii q wala x. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott, tuzo ya michoro ya vitabu vya watoto. Kisha Tom akashika kazi ya The Middle Passage, kuhusu safari ya watumwa kuvuka Atlantiki, iliyotoka mwaka 1995 na kupata tuzo ya Coretta Scott King. Masimulizi yake yote ni picha. Ilimchukua takriban miaka 20.