Rangi juu, kutu chini

Ukiniona leo utadhani nimetoka kumwaga lami barabara ya Bububu. Kucha nyeusi, shati lina mafuta, na hata karatasi hii ninayoandikia ina alama ya kidole gumba ambayo mhariri ataniuliza. Wiki kadhaa nyuma niliwatambia hapa hapa kwamba nimeifufua vespa ya marehemu baba, na baadhi yenu mkanisimamisha njiani kunipa hongera. Basi leo nimekuja kuzirudisha hongera zenu. Kaeni vizuri niwasimulie.

Vespa yenyewe ni PX ya sisi 150, ile yenye mashavu mawili nyuma na giya la kuzungusha kwa mkono wa kushoto. Mzee aliinunua ikiwa imeshatumika, akaitumia miaka 19: asubuhi kazini, mchana sokoni Darajani, Ijumaa msikitini, na jioni kumpakia bi mkubwa kwenda kwa ndugu zake Bububu. Alipofariki tuliiegesha chini ya ngazi katika nyumba yetu ya Malindi, tukaifunika shuka, ikakaa miaka sita. Kila sikukuu ami yangu akija huiangalia kisha husema, "Uzeni hicho chuma chakavu mpate pesa ya mchele." Bi mkubwa hajibu. Anamwongeza chai tu.

Mgeni akija Mji Mkongwe huuliza kwa nini sisi na vespa hatuachani. Jibu liko vichochoroni. Mitaa ya Mkunazini au Mchambawima haikujengwa kwa ajili ya gari. Pikipiki ya kawaida inapita, lakini injini yake iko wazi baina ya mapaja, na kanzu nyeupe ya Ijumaa haitaki utani huo. Vespa injini imefichwa ubavuni, mbele kuna ngao ya bati ya kuzuia matope, na katikati pana nafasi ya kupitisha mguu bila kuurusha juu. Mwenye kanzu anakaa raha mustarehe, mwenye buibui anakaa upande.

Na hilo si bahati nasibu. Aliyeichora, Muitaliano Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na helikopta, na pikipiki za kawaida hakuzipenda hata kidogo. Aliona zinachafua nguo na zinasumbua kupanda. Kampuni ya Piaggio ikaisajili vespa mwaka 1946, vita vimekwisha juzi tu. Vespa kwa Kitaliano ni nyigu. Hata bajaji yetu ni ndugu yake: mwaka 1948 Piaggio hao hao walitoa ya magurudumu matatu wakaiita Ape, yaani nyuki, na Bajaj wa India wakaanza kwa leseni ya Piaggio miaka ya 1960. Ndiyo maana spea nyingi tunazopata madukani ni za kutoka India.

Sasa turudi kwangu. Mimi, kijana niliyemaliza fomu foo na kazi ya maana sijaiona (hela ya safu hii mhariri anaijua mwenyewe), niliamua kuitoa vespa chini ya ngazi. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikamwaga petroli ya zamani iliyonuka kama rangi ya mlango, nikapiga kiki mpaka goti likalia. Ya arobaini na kitu, ikawaka. Moshi ulijaa ukumbini mpaka jirani akadhani nyumba inaungua. Bi mkubwa alisimama juu ya ngazi, kashika mdomo. Hapo ningetulia, nisingekuwa na hadithi leo.

Lakini kijana ni kijana. Nilikuwa nimeona picha za vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960, wale walioitwa mods, vespa moja ina vioo kumi. Nikasema na mimi lazima nitoke kimtindo. Rangi ya maziwa ya mzee nikaifuta, nikapiga zambarau inayometameta. Ubavuni ndimi za moto. Vioo sita. Taa za buluu chini, honi ya kuimba. Mkwanja niliokusanya mwaka mzima ukaishia huko. Na pale kwenye sakafu, unapoweka miguu, niliona vipele vya kutu. Nikavijaza puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Ukipitisha kidole, laini kama shavu la mtoto. Nikapita nayo Forodhani jioni, watu wakageuka. Bomba!

Jumatatu moja bi mkubwa alikuwa na siku yake ya kupima presha hospitali ya Mnazi Mmoja. Nikamwambia, "Mama, leo hupandi daladala." Akacheka, akajifunga buibui vizuri, akakaa upande kama alivyozoea. Tulipokaribia soko la Darajani, gari la ng'ombe likakatiza. Nikakanyaga breki ya nyuma. Kwenye vespa pedeli ya breki imefungwa kwenye sakafu, upande wa mguu wa kulia. Pedeli ikashuka, lakini breki haikushika, maana na sakafu nayo ilishuka. Nikasikia mpasuko kama wa kasha la mbao. Nikabana breki ya mbele kwa papara, tairi likateleza, tukalala barabarani: mie, bi mkubwa na ndimi zangu za moto.

Alichubuka kiwiko, na kiatu chake kimoja kikaenda chini ya lile gari. Alhamdulillahi, nyuma yetu hapakuwa na gari jingine. Watu wakamwinua, wakampa maji. Aliponitazama hakunigombeza. Alisema tu, "Baba yako kanipakia miaka 19, hajaniangusha hata siku moja." Wallahi, bora angenipiga kofi.

Habari ikafika kwa ami kabla ya sisi kufika nyumbani. Safari hii alikuja na mnunuzi, mtu mmoja wa hoteli, aliyetaka kuiweka mlangoni, aijaze maua, wageni wapige picha. Haijali injini wala sakafu. Laki nane, taslimu. Mimi kwa aibu niliyokuwa nayo nilishakubali moyoni. Bi mkubwa, mkono una bandeji, akamwambia ami kwa upole, "Shemeji, marehemu hakuinunua iote maua." Mazungumzo yakaishia hapo, chai ikaletwa. Lakini kwangu pia hakusema itengeneze. Hakusema kitu. Wiki tatu nzima akipita pale chini ya ngazi anatazama ukutani.

Nikaikokota mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima, Mwembetanga, ambaye zamani ndiye alikuwa akimtengenezea mzee. Hakuuliza habari. Aliilaza ubavu, akachukua bisibisi, akachoma sakafu kwa chini. Ikazama mpaka kwenye mpini. Akachoma pembeni, ikazama tena. Puti yangu ikadondoka vipande kama maganda ya yai. "Kijana," akasema, "umempaka maiti wanja."

Hapa naomba tusikilizane, maana wengi wenu mna vespa na hamlijui hili. Pikipiki nyingi zina fremu ya mabomba. Bati la nje likiota kutu ni aibu tu, mifupa ipo. Vespa haina mifupa hiyo. Mhandisi wa ndege alifanya kama kwenye ndege: bati lenyewe ndilo mwili na ndilo fremu. Sakafu ndiyo inayounganisha mbele na nyuma, na chini yake kuna mihimili ya bati ambayo huioni mpaka uinamie. Na sisi tunaishi kisiwani. Upepo wa bahari una chumvi, chumvi inakaa kwenye unyevu chini kule, inakula taratibu. Kutu ya vespa inaanza mahali usipopatazama, na ikionekana juu ujue chini imeshakula ikashiba.

Fundi alinifanya niifungue yote, mpaka ikabaki gamba. Tangi la petroli tulilitoa kwanza tukaliweka mbali, kwa sababu mvuke wa petroli na cheche za kuchomelea hawana urafiki. Kabla ya kukata bati bovu alichomelea kwa muda vipande vya chuma kutoka shingoni mpaka nyuma, kuushikilia mwili usijikunje. Anasema ukikata sakafu bila hivyo, gurudumu la mbele litatazama Bububu na la nyuma litatazama Fuoni. Akakata mpaka akafika kwenye bati zima linalong'aa, akatia bati jipya na mihimili mipya. Tukapaka dawa ya kuzuia kutu juu na chini, na vile vitundu vya kutolea maji tukaviacha wazi. Mie katika ufundi wangu nilikuwa nimeviziba vyote kwa puti, maji yakakaa ndani kama kisimani.

Ikaja zamu ya injini. "Ulikuwa ukiachia mafuta, inaendelea kulia kwa juu yenyewe?" Nikamjibu ndiyo, nikidhani hiyo ndiyo nguvu. Akatikisa kichwa. Injini ya tustroki, yaani ya mipigo miwili, petroli na hewa hupita kwanza kwenye chumba cha krenki chini ya pistoni, ndipo husukumwa juu kwenda kuungua. Chumba hicho lazima kiwe kimezibwa kabisa. Kwenye ncha za krenki kuna sili za mpira, na mpira ukikaa kavu miaka sita unakuwa mgumu kama ubao. Sili ya upande wa sumaku ikivuja, injini inavuta hewa ya wizi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, pistoni inachemka na mwisho inaganda kwenye silinda. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inavuta oili ya giya na moshi mweupe unakufuata kama mkia. Ya kwangu zilikuwa zimekufa zote. Tukaweka mpya, pamoja na beringi, ringi na gasketi.

Na akanipa onyo la kuokoa roho: injini ikiganda ukiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma linafunga papo hapo. Kwa hiyo vidole viwili visiwe mbali na klachi, ukisikia inazama, bana. Mteremkoni pia usikae muda mrefu umefunga mafuta huku inakwenda kasi, maana kwenye tustroki ya kuchanganyia tangini oili inakuja na petroli. Petroli ikikatika, na oili imekatika.

Nikamuuliza, oili kiasi gani? Mie nilikuwa nikimimina kwa macho. Akanijibu, "Muulize mama yako."

Nikaona haya kumuuliza. Lakini usiku mmoja, vespa imerudi ukumbini bila rangi, nimekaa chini nafunga waya za giya, bi mkubwa akateremka ngazi. Mkononi ana kifinjani cha kahawa kilichomeguka mdomo, ambacho siku zote nakiona kabatini nikidhani kimesahauliwa tu. Akakiweka juu ya kiti cha vespa. "Baba yako alikuwa akipimia hiki. Kimoja kwa lita tatu." Akarudi juu.

Kesho yake nilinunua bomba la sindano dukani nikakipima. Mililita 60. Gawa kwa lita tatu unapata 20 kwa kila lita, yaani asilimia mbili, kipimo kile kile wanachotaka waliotengeneza PX isiyo na pampu yake ya oili. Mzee hakuwa na kitabu wala sindano. Alikuwa na kifinjani, na alikuwa na mtu wa kumpakia nyuma.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mtu asipambe vespa yake. Ujana ni mapambo, na mwenye vioo kumi na awe navyo. Nasema utaratibu. Kwanza chini: sakafu na mihimili. Pili breki, tairi na waya zote. Tatu sili na injini. Rangi iwe ya mwisho kabisa, na ukitoka nayo ufukweni uioshe chini kwa maji matamu, sio juu tu ambako wasichana wanaona. Ya kwangu nimeirudisha rangi ya maziwa. Vioo viwili. Kitu nilichoongeza ni keria ya mbele, na kiti nimekishonesha upya, kipana zaidi kwa nyuma. Mnajua kwa nini.

Ijumaa iliyopita niliiwasha, kiki ya tatu tu. Bi mkubwa akatoka mlangoni na buibui lake. Akainama, akatazama chini ya sakafu kama mkaguzi wa bandari, akaigonga kwa kisigino mara mbili. Moyo wangu unadunda. Kisha akasema, "Mpakie dada yako kwanza."

Dada kasikia, kakimbilia juu, kajifungia. Mpaka naandika haya bado tunambembeleza. Nikipata abiria nitawajulisha. Tukutane wiki ijayo, na wewe unayetoka kununua rangi leo, pitia kwanza kwa jirani ukaazime bisibisi.