Skafu moja, timu mbili, mkwe mmoja

Najua mtasema jamaa kachanganyikiwa. Tandika hii, ambako saa nane mchana lami inanata kwenye ndala, mtu anaandika habari ya skafu ya sufu! Tulieni. Mjini watu wana shida za kila aina, nyingine huwezi hata kuziota.

Kwa wasomaji wapya, nijieleze kidogo. Mimi ni mwanaume, ndiyo, na nafuma kroshia. Masela wa kijiweni walinicheka mpaka wakachoka, wakaniita Bi Mkubwa, leo hii wananiletea oda za dada zao. Nilijifunza kwa mama, kwa kumwangalia tu. Nani asiyevijua vile vitambaa? Ingia nyumba yoyote, kuanzia Temeke Mikoroshini mpaka Kinondoni Mkwajuni, sebuleni utavikuta: kochi limevaa, meza imevaa, tivii imevaa, hata friji bovu limevaa. Mama alikuwa anavifuma usiku, anavifua, anavitia wanga, vikikauka vinasimama kama askari wa gwaride. Nimesoma mpaka kidato cha nne kwa vitambaa hivyo, kwa hiyo anayecheka na acheke.

Sasa mwezi wa tano akaja dada mmoja wa mtaa wa pili. Jina namhifadhia. Akakaa kwenye benchi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti kama anaagiza gongo.

"Kaka, nataka skafu ya duara. Ile isiyo na ncha, unaiingiza kichwani kama fulana."

"Hiyo ndogo."

"Upande mmoja nyekundu, upande mwingine kijani. Ukivaa nyekundu, kijani isionekane hata chembe. Ukigeuza, nyekundu isionekane hata chembe."

Nikaweka sindano chini. Kwa Dar es Salaam rangi hizo mbili hazikai kwenye kamba moja ya kuanikia, seuze shingo moja. Nikamwambia, "Dada, nieleze vizuri, nisije nikatafutwa na watu wa Jangwani na Msimbazi kwa pamoja."

Akanieleza. Mchumba wake ni dereva wa bodaboda, Simba damu, anayeweza kukataa abiria kwa sababu ya jezi. Baba yake dada yuko Njombe, Yanga damu, mzee ambaye ukutani kwake picha ya timu iko juu ya picha ya harusi yake mwenyewe. Mwezi wa sita jamaa anakwenda kujitambulisha. Mwezi wa sita Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, mtu wa pwani anatafuta jua kwa tochi. Kwa hiyo skafu lazima iwepo. Njiani jamaa avae nyekundu yake kwa raha zake, wakikaribia kwa mzee ageuze.

"Na yeye mwenyewe amekubali?"

"Wewe fuma, kaka. Yeye niachie mimi."

Hapo ndipo nilipokosea, lakini tutafika.

Na msidhani ni utoto. Yanga ilianzishwa 1935, wenzao wakafuata 1936, wakapita kwenye majina kibao, mojawapo Sunderland, mpaka 1971 wakawa Simba. Huo ni ubishi uliomkuta bibi yangu bado msichana. Kuna ndoa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Tukapatana elfu kumi na tano. Akatanguliza elfu tano. Nikaenda Kariakoo kununua uzi, na wewe unayetaka kujaribu, hapa sikiliza: uzi mwekundu na uzi wa kijani viwe unene mmoja. Mimi nilibebwa na rangi, kufika nyumbani kijani chembamba, chekundu kama kamba ya mbuzi. Nikarudi. Nauli hiyo sikumdai mtu.

Mara ya kwanza nilijifanya mjanja. Mama ana mtindo wake wa wavu: nguzo, cheni, nguzo, cheni, vinatokea vidirisha. Nikawaza, nikifuma nyavu mbili kwa zamu, mstari wa nyekundu, mstari wa kijani, halafu nguzo za wavu huu nizipitishe kwenye vidirisha vya ule, zitashikana ziwe kitu kimoja chenye sura mbili. Na kweli inawezekana, wapo wanaofuma hivyo na inapendeza kichizi, upande huu mistari, upande ule vyumba vya drafti. Kasheshe ni kwamba ili nyavu zishikane, lazima mahali fulani nguzo ya kijani ije mbele na nyekundu irudi nyuma. Usipofanya hivyo unabaki na nyavu mbili zisizojuana. Ukifanya, rangi inachungulia. Nilipofika kimo cha vidole vinne nikainyanyua kwenye taa. Tikiti maji! Wekundu wote una vidoa vya kijani. Nikafumua lote usiku ule ule, na ukifumua kazi ya siku tatu hutaki mtu akusalimie.

Mara ya pili nikarudi kwenye akili ya kawaida. Nikafuma bomba. Sindano namba tano, cheni 96, unaunga mwanzo na mwisho ziwe duara. Kabla ya kuunga hakikisha cheni haijajisokota, maana ikijisokota utafuma mizunguko kumi ndipo ugundue, na hakuna dawa ila kufumua. Kisha unakwenda na mshono mfupi, ule wa kubana, mzunguko juu ya mzunguko, bila kugeuza kazi. Mshono huo unakula uzi na unakula muda, lakini upepo wa Njombe haupiti. Hesabu kila mzunguko, 96, 96, 96. Mizunguko 36 nyekundu, unakata uzi, unaingia na kijani mizunguko 36.

Hapo una bomba refu, nusu Msimbazi nusu Jangwani. Unaisukuma nusu ya kijani iingie ndani ya nyekundu, kama unavyokunja mkono wa sweta kwenda ndani. Migongo inakutana, nyuso zinabaki nje. Halafu unaziunga kingo mbili za chini, tundu kwa tundu, 96 kwa 96. Ukizidisha moja tu, mdomo wa skafu unajikunja kama wa mtu aliyelamba ukwaju.

Basi nikadhani nimemaliza. Wapi! Juu, pale inapokunjwa, rangi mbili zinapakana. Chini, pale zinapoungwa, zinapakana tena. Unaweza kuficha tumbo lote la skafu, lakini ukingo hauna ndani wala nje. Ukivaa nyekundu, uzi wa kijani unachungulia ukingoni kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Nikafumua kijani yote mpaka pale katikati, maana nilitaka kuweka mizunguko miwili ya rangi nyingine, isiyo ya mtu, juu na chini. Rangi gani? Nikawauliza wataalamu wa kijiweni.

"Weka nyeupe," akasema mmoja.

"Nyeupe ya Simba hiyo!"

"Basi nyeusi."

"Nyeusi Yanga wanayo, acha uongo."

"Bluu."

"Bluu Azam hao, Chamazi pale, unataka mzee wa watu apigwe na bumbuwazi?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaenda na kahawia. Mpaka sasa hakuna aliyenitajia timu yake.

Ilichukua wiki mbili za usiku. Niliijaribu kwenye kioo, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, na asikwambie mtu, ilikuwa bomba. Nikaianika dirishani ipate hewa. Nilisahau kwamba dirisha langu linatazama barabara.

Shemeji akapita na pikipiki. Akasimama. Akaingia bila hodi.

"Fundi, hii nyekundu yangu, nimeambiwa. Na hii kijani ndani ni ya nani?"

Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe dada alimwambia nusu tu ya habari. Nikaanza kubabaika habari za baridi na tabaka mbili. Hakunisikiliza. Akampigia simu pale pale, akaweka sauti kubwa ili nisikie na mimi.

"Yaani mimi nigeuke? Leo skafu, kesho utaniambia nigeuke na nini?"

"Nimekwambia uhame timu? Nimekwambia upite mlangoni!"

"Mlango gani unaopitwa kinyumenyume?"

Akakata. Akanigeukia mimi sasa. Akasema na hiyo elfu kumi iliyobaki sahau, mtumba pale Tandika sokoni skafu ni buku mbili. Hapo akanigusa. Nikamwambia kaka, ile ya mtumba imefumwa na mashine, mashine haichoki wala haiumwi mgongo. Kroshia halisi mpaka leo haina mashine ya kiwandani, ukiona kitu cha kroshia popote duniani jua kuna mtu alikaa chini akakifuma kwa vidole vyake. Mwaka 1845 viazi vilipoanza kuoza mashambani kule Ireland, watu wakafa kwa njaa, wengine wakakimbilia Marekani, wapo wanawake waliobaki wakafuma kroshia, kola za wakubwa, wakanunua chakula. Wewe unaniletea habari za buku mbili! Akaniangalia kama kichaa, akapiga kiki, akaondoka.

Siku tatu hawakuongea. Dada anapita kwangu macho mekundu, haulizi skafu. Mimi nimekaa na mzigo ambao hauna mnunuzi mwingine Temeke nzima, nani atavaa? Lakini si hela tu iliyonikosesha usingizi. Nikamwonyesha mama. Akaipeleka karibu na macho, akaugeuza ukingo, akaupitisha kidole tundu kwa tundu.

"Umeunga vizuri," akasema. "Ila ungemuuliza mwenye shingo."

Hakuongeza neno. Akarudi kwenye kitambaa chake.

Usiku wa kuamkia safari, saa nne, hodi. Shemeji. Hakukaa.

"Nipe hiyo kitu. Siigeuzi lakini."

Nikampa. Ile elfu kumi hakuitaja, na mimi sikuwa na moyo wa kuitaja.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada kwa simu, siku mbili baadaye, huku anacheka mpaka salio likakata, akapiga tena. Walipanda basi alfajiri kituo cha Magufuli, Mbezi. Karibu kilomita 700 hizo. Chalinze joto, Mikumi joto, Iringa jamaa akaanza kukunja mikono, Mafinga akavaa skafu, nyekundu nje, roho safi. Makambako dada akamwangalia. Hakusema kitu. Jamaa naye hakusema kitu. Akaivua, akaitia kwenye begi. Ageuze hataki, aingie na nyekundu kwa mzee anaogopa, akaona bora afe na baridi.

Wakafika jioni. Kamwene, kamwene, karibuni. Shemeji meno yanagongana mpaka salamu haitoki. Mzee akamtazama, akamuuliza binti yake, "Huyu kijana wako hana hata kitu cha shingoni?" Dada kwa haraka akafungua begi, akatoa skafu, kijani nje. Hakujua ampe nani. Mikono ikampelekea baba.

"Nimekuletea zawadi, baba."

Mzee uso ukafunguka. Kijani! Akaishika, akaitanua ili aiingize kichwani. Akachungulia ndani. Nyumba nzima kimya, ukisikia kitu ni kuni zinapasuka jikoni.

"Na hii nyekundu humu ndani ni nini?"

Dada anasema alifumba macho. Aliyejibu ni shemeji mwenyewe, kasimama, anatetemeka, haijulikani ni baridi au nini.

"Ni mimi, mzee."

Mzee akamtazama weee. Akairudia skafu, akaukagua ukingo wa kahawia. Kisha akaipiga kichwani, akaishusha shingoni, akaiweka sawa.

"Basi kaa humo humo ndani," akamwambia, "unipe joto."

Wakaletewa viazi.

Mahari imetajwa, siyo mbaya. Mzee anailalia ile skafu, haivui. Shemeji amerudi Dar juzi, shingo tupu, kikohozi juu. Kaja moja kwa moja kwangu, kanilipa elfu kumi yangu, kakaa kwenye benchi. Anataka nyingine, maana atakwenda tena na wazee wake. Safari hii pande zote mbili nyekundu, kasema. Nikamuuliza na ukingo?

Kafikiri kidogo. Kahawia, akasema, uache vile vile.

Nimeshafuma cheni 96. Nazihesabu mara ya pili kabla sijaunga.