Ile Nyota Mliyouziwa

Nimechoka na ile nyota ya chuma. Iko kwa fulana, iko kwa stika, iko kwa tatuu, na kila mtu anayeivaa ana hadithi ileile: ati ninja alirusha moja tu gizani, adui akaanguka kimya. Hebu tuambiane ukweli.

Shuriken maana yake ni upanga uliofichwa mkononi. Nyota zilikuwepo, sikatai. Lakini ile iliyosomewa kwa bidii zaidi ni bo-shuriken, kipande cha chuma kilichonyooka, kirefu kama kalamu, chenye ncha. Ni msumari, kwa kifupi. Na waliousomea ni samurai, watu wenye panga kiunoni, chini ya walimu wanaojulikana kwa majina. Shirai Toru alianzisha mtindo wake enzi za Edo. Negishi-ryu ikatokea Annaka karne ya 19. Katori Shinto-ryu ingali inafundisha. Hata Tokugawa Yoshinobu, shogun wa mwisho, aliyeachia madaraka mwaka 1867, anasemekana alikuwa mpenzi mkubwa wa mazoezi hayo. Shogun, bana! Si mwizi wa usiku.

Tena haikuwa silaha ya kumaliza mtu. Unarusha kutoka mita chache. Chuma kinatoka mkononi ncha ikitazama juu, kinageuka robo duara tu, kinagonga. Ukikosea kidogo, kinagonga kwa ubavu na kuanguka chini kama kijiko. Ukipatia, umemjeruhi mtu uso au mkono, akashtuka, nawe umepata nafasi ya kuchomoa upanga. Kwa ujuzi huo mdogo watu walitoa miaka mingi ya maisha yao.

Na kunai? Mashabiki wa Naruto mtanisamehe. Tangu 1999 mnaona ikirushwa kama mvua, ilhali kilikuwa kifaa cha kuchimbia na kubomolea kuta, ndugu wa mwiko wa mwashi. Ukifungua Bansenshukai, kitabu cha mbinu za shinobi cha mwaka 1676, unakutana na ngazi, vifaa vya kufungulia milango, moto, na mawaidha marefu kuhusu moyo wa mpelelezi. Kazi ya subira, si sarakasi.

Nani basi alituuzia nyota? Sinema, kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1981 ikatoka Enter the Ninja, na ninja shujaa ni Franco Nero, Mwitaliano, akipigana Ufilipino. Mwaka 1985 ikafuata American Ninja, jina linajieleza. Kelele zikawa nyingi hadi Uingereza ikapiga marufuku uuzaji wa nyota hizo mwaka 1988.

Utaniambia ni burudani tu, nipunguze makali. Sawa. Lakini ni wewe uliyekasirika juzi filamu ya kigeni ilipomwonyesha Mmaasai akiruka na mkuki, bila jina, bila ng'ombe, bila lugha. Uliandika aya tatu. Mjapani naye akigeuzwa kivuli cheusi chenye nyota mfukoni, unanunua fulana. Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kumfundisha mtu historia, lakini hesabu hii haihitaji cheti.

Anayetaka tatuu na achorwe. Ila amwambie mchoraji amchore msumari.