Mipaka ya Texas na mizani ya pamba Kanda ya Ziwa

Mkulima wa pamba wa Maswa, Kwimba au Bunda anapofikisha mzigo wake kwenye mizani ya chama cha msingi, swali lake ni moja tu: leo kilo shilingi ngapi? Jibu analopewa na karani halitoki kwa karani, wala halitoki kwa mwenye kinu cha kuchambulia. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje ya nchi, hivyo bei inayoandikwa ubaoni hufuata soko la dunia. Na soko hilo, kwa miaka mingi, limekuwa likisukumwa na maamuzi ya wanasiasa wa taifa moja kubwa, Marekani.

Ndiyo maana uchaguzi wa wabunge wa jimbo la Texas si habari ya kuachiwa kurasa za kimataifa peke yake. Texas ndiyo inayoongoza kwa kilimo cha pamba nchini Marekani. Wabunge wake wameshika kalamu mara nyingi wakati sheria za ruzuku ya zao hilo zinapoandikwa. Nani atashika kalamu hiyo ni jambo linaloamuliwa kwanza na mipaka ya wilaya za uchaguzi, kabla hata ya mpiga kura kwenda kituoni.

Ikumbukwe kuwa Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na vyote hugombewa kila baada ya miaka miwili. Kila jimbo hupewa viti kulingana na idadi ya watu inayopatikana katika sensa ya kila miaka 10. Texas ilipata viti 32 baada ya sensa ya 2000, vikawa 36 baada ya ile ya 2010, na 38 baada ya sensa ya 2020. Jimbo hugawanywa katika wilaya za uchaguzi zenye watu karibu sawa, na kila wilaya humchagua mbunge mmoja. Kwa lugha ya hapa nchini, wilaya hizo zingeitwa majimbo ya uchaguzi.

Jambo la kuangalia ni kwamba Texas mipaka hiyo huchorwa na Bunge la jimbo lenyewe, yaani na wanasiasa. Chama chenye wabunge wengi ndicho kinachoshika penseli.

Majirani wawili wa pamba

Mwaka 2002 zao la pamba lilikuwa na bahati ambayo mkulima wa zao lolote duniani angeitamani. Mwenyekiti wa Kamati ya Kilimo ya Baraza la Wawakilishi alikuwa Larry Combest wa chama cha Republican, mbunge wa wilaya ya 19 ya Texas yenye mji wa Lubbock, katikati ya mashamba makubwa ya pamba. Mjumbe mwandamizi wa chama cha Democratic katika kamati hiyohiyo alikuwa Charlie Stenholm wa wilaya ya 17, naye akiwa mkulima wa pamba. Vyama vyao vilikuwa viwili, lakini wilaya zao zilipakana na wapiga kura wao walilima zao moja.

Matokeo yake yalionekana katika Sheria ya Kilimo iliyotiwa saini na Rais George W. Bush Mei 2002. Sheria hiyo ilipita katika Baraza hilo kwa kura 280 dhidi ya 141. Iliweka bei lengwa ya pamba kuwa senti 72.4 za dola kwa ratili, ambayo ni karibu nusu kilo. Wakati huo bei ya dunia ilikuwa imeanguka hadi chini ya senti 40. Pengo lilipotokea, sehemu kubwa ilizibwa na hazina ya serikali.

Kwa mujibu wa ripoti ya shirika la Oxfam ya 2002, ruzuku ya pamba ya Marekani katika msimu wa 2001/2002 ilifikia dola bilioni 3.9, ikienda kwa wakulima wapatao 25,000. Huku Kanda ya Ziwa, mamia ya maelfu ya kaya zinazotegemea zao hilohilo zilipokea bei ya soko kama ilivyokuja, bila mto wa kuegemea.

Hapa pana hoja ambayo wengi huikosa. Wakulima ni chini ya asilimia 2 ya Wamarekani, hivyo hawana kura za kutosha kupitisha sheria peke yao. Lakini tangu 1973 sheria ya kilimo imebeba pia mpango wa kuwasaidia maskini kununua chakula, na wabunge wa mijini huupigania mpango huo. Mbunge wa mjini huunga mkono pamba, na mbunge wa pamba huunga mkono chakula cha maskini wa mjini. Wachache hao wamepata nguvu kwa kukaa penye meza na kujua wa kubadilishana naye.

Kura 587

Hata hivyo, meza hiyo ilipanguliwa muda mfupi baadaye. Combest alijiuzulu 2003. Katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo, Randy Neugebauer wa Lubbock alimshinda Mike Conaway wa Midland kwa kura 587 tu. Lubbock ni mji wa pamba, Midland ni mji wa mafuta, na miji yote miwili ilikuwa ndani ya wilaya moja.

Wakati huohuo chama cha Republican, kikiwa kimeshika mabaraza yote mawili ya Bunge la Texas, kiliamua kuchora mipaka upya bila kusubiri sensa nyingine. Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, Tom Craddick, alikuwa mtu wa Midland, na alitaka mji wake uwe na wilaya yake. Wabunge wa Democratic walikimbilia jimbo la Oklahoma Mei 2003 ili akidi isitimie, na maseneta wenzao wakaenda New Mexico miezi michache baadaye. Haikusaidia. Ramani mpya ilipitishwa Oktoba.

Wilaya ya Stenholm ilivunjwavunjwa na mji wa Abilene, uliokuwa ngome yake, ukaingizwa wilaya ya 19 pamoja na Lubbock. Mwaka 2004 mkongwe huyo, aliyekaa bungeni tangu 1979, alilazimika kupambana na Neugebauer mbele ya wapiga kura ambao wengi hawakuwa wake. Alishindwa kwa tofauti kubwa. Midland nayo ilipata wilaya mpya, ya 11, na Conaway akaingia bungeni kwa urahisi. Katika Texas yote, Republican walitoka viti 15 walivyopata 2002 hadi 21 kati ya 32.

Mkulima aliyempenda Stenholm hakubadili mawazo wala hakuhama shamba. Mstari ndio uliohama, na mbunge wake akaenda na mstari.

Pamba yarudi mezani

Brazil haikukaa kimya wakati ruzuku zikimwagwa. Ilifungua shauri katika Shirika la Biashara Duniani (WTO) 2002, na jopo likaamua 2004 kwamba baadhi ya ruzuku za pamba za Marekani zilikandamiza bei ya dunia. Rufaa ya Marekani ilishindwa 2005. Mvutano uliendelea hadi 2010 Marekani ilipokubali kuilipa Brazil dola milioni 147.3 kwa mwaka za kusaidia kilimo chake cha pamba, na 2014 shauri likafungwa kwa malipo ya dola milioni 300. Sheria ya Kilimo ya mwaka huo iliitoa pamba katika mpango mkuu wa fidia ya bei.

Ingedhaniwa kuwa hadithi iliishia hapo. Lakini Januari 2015 Kamati ya Kilimo ilipata mwenyekiti mpya: Mike Conaway, yuleyule aliyeshindwa kwa kura 587 kisha akachorewa wilaya. Februari 2018, akiwa bado mwenyekiti, pamba ilirudishwa katika mpango huo, safari hii kwa jina la pamba mbegu, na bei ya rejea ikawekwa senti 36.7 kwa ratili. Julai 2025 sheria nyingine iliyopita kwa kura 218 dhidi ya 214 iliipandisha bei hiyo hadi senti 42. Ni kiwango cha karibu senti 93 za dola kwa kilo ya pamba mbegu, mali ileile inayopimwa kwenye mizani ya Maswa.

Mwaka 2018 na 2019 ulionyesha tofauti hiyo waziwazi. China iliiwekea pamba ya Marekani ushuru wa asilimia 25 Julai 2018, na bei ya dunia ikayumba. Serikali ya Marekani ilitangaza misaada ya hadi dola bilioni 12 kisha bilioni 16 kwa wakulima wake wa mazao mbalimbali. Kwa upande wa Tanzania, bei elekezi ya msimu wa 2019 ilikuwa Sh1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka chini ya matarajio, wanunuzi wakakosa fedha, na wakulima wengi waliokabidhi pamba yao wakasubiri malipo kwa miezi. Hasara haikuishia kwao. Mwenye duka aliyekopesha sukari, muuza khanga wa gulioni na mwendesha bodaboda nao walisubiri. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Chanzo cha yote si Texas

Ni kweli kwamba si kila tatizo la pamba ya Tanzania limetoka Lubbock. Mavuno kidogo kwa ekari, mbegu zisizoota vizuri, dawa za wadudu zinazochelewa, na pamba kutiwa maji na mchanga ili izidi uzito ni matatizo ya nyumbani, na hayasubiri uchaguzi wa mtu yeyote. Aidha, Brazil sasa ni muuzaji mkubwa na katika msimu wa 2023/2024 iliipita Marekani kwa kuuza pamba nje. Marekani si bwana wa soko kama ilivyokuwa.

Vilevile mfumo wa Texas si wa kuigwa kwa kila kitu. Mipaka inapochorwa ili chama fulani kishinde, uchaguzi wa Novemba hubaki sherehe tu, kwani mshindi hujulikana tangu kura za maoni za Machi. Mbunge wa namna hiyo humwogopa mwanachama mwenzake mkali kuliko mkulima anayelalamika. Agosti 2025 Texas ilirudia mchezo wa 2003: ramani ilichorwa upya katikati ya muongo kwa lengo la kuwaongezea Republican viti vitano, na wabunge wa Democratic wakakimbilia Illinois bila mafanikio. Desemba 2025 Mahakama ya Juu iliruhusu ramani hiyo itumike katika uchaguzi wa 2026. California nayo ilijibu kwa ramani yake ya kuwafaidi Democratic. Mkulima wa pande zote mbili amebaki kuhesabiwa kama kete ya bao.

Nani wa kuulizwa?

Pamoja na kasoro hizo, lipo jambo moja ambalo wakulima wa pamba wa Texas wamelifanya vizuri kwa miongo mingi, nalo halihitaji dola bilioni. Hawamwulizi mgombea kama anawapenda wakulima, maana hakuna mgombea atakayekataa. Humwuliza atakaa kamati gani, atasimamia bei ipi, na alipigaje kura sheria ya kilimo ilipofika mezani. Kura hizo huandikwa kwa majina na hukumbukwa.

Kanda ya Ziwa ina wakulima wengi wa pamba kuliko Marekani yote. Wingi huo hauonekani kwa sababu kila chama cha msingi hulia peke yake, na mara nyingi hulia baada ya msimu, wakati wagombea walishapita na fulana zao. Vyama vya ushirika vya wilaya zinazolima pamba vingeweza kukaa pamoja kabla ya kura za maoni na kuandika madai matatu au manne yanayopimika: mkulima alipwe ndani ya siku ngapi baada ya kupima, mfuko wa kufidia bei inapoanguka uchangiwe na nani, mbegu na dawa zifike mwezi gani. Karatasi hiyohiyo apewe kila mgombea wa kila chama, na majibu yasomwe hadharani gulioni, ambako mfanyabiashara mdogo naye atayasikia.

Wabunge wa maeneo hayo nao wasisubiri kuulizwa. Combest na Stenholm walikuwa vyama viwili tofauti, lakini lilipokuja suala la pamba walikaa upande mmoja wa meza. Wabunge wa mikoa jirani inayolima zao moja hawana sababu ya kushindwa kufanya hivyo.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Bei ya pamba itaendelea kupangwa na watu waliopo mezani, iwe Washington, Geneva au Dodoma. Mkulima asiyehakikisha kuwa mtu wake yupo, na anajua alichotumwa, ataendelea kuuliza kilo shilingi ngapi, na kupokea jibu lolote atakalopewa.